Cheo kipya kazini, EP nusu, kamera begani: wadau mnapangaje?

Lenzi_na_Besi:
Wadau, hamjambo. Naomba mawazo ya watu wanaoishi maisha haya, na tafadhali mahubiri ya motisha tuyaachie redio za asubuhi.

Mimi ni meneja wa bidhaa kwenye kampuni ya teknolojia ya fedha, ofisi Westlands. Kazi yenyewe ni ya kukaa katikati. Watu wa mauzo wanataka kitufe kipya kufikia Ijumaa, wahandisi wanasema mfumo wa malipo bado haujatulia, mteja amekatwa pesa na tokeni za stima hazijafika, na mimi ndiye wa kusema hili liende mbele, lile lisubiri. Naipenda. Nasema mapema kwa sababu kuna mtu atakuja hapa kuniambia niache kazi nifuate ndoto yangu.

Nje ya ofisi napiga gitaa la besi kwenye bendi ya watu wanne. Ni benga, ila tumeikoroga na mambo mengine ambayo wazee wa benga wasingeyabariki. Mazoezi ni Jumanne usiku, South B. EP yetu, yaani albamu fupi, imerekodiwa nusu. Halafu nina mradi wa picha: mabango yaliyochorwa kwa mkono ya vinyozi, hoteli na posho mill za Eastlands, kuanzia Shauri Moyo hadi Kariobangi na Dandora, kabla mabango ya plastiki ya kuchapishwa hayajayamaliza yote. Picha hizi hakuna aliyeniagiza na hakuna anayenilipa.

Sasa nimepewa cheo. Nitaongoza mameneja wenzangu na mshahara unapanda vizuri. Lakini nusu ya timu iko New York, kwa hivyo mikutano inaanza saa kumi jioni na kuendelea usiku. Pia mkataba mpya una kifungu kinachosema kila "kazi ya ubunifu" nitakayotengeneza nikiwa mwajiriwa ni mali ya kampuni. Idara ya wafanyakazi wanasema ni kifungu cha kawaida tu, nisijali.

Nimeanza kujali. Mnapangaje haya mambo?

buda_wa_luthuli:
Msee, chukua cheo. Landilodi wa Nairobi hajawahi kuuliza mtu kama ana EP.

Mimi niko dukani Luthuli, nauza spika na amplifaya. Januari wanamuziki wa kudumu huja kuniuzia vifaa vyao. Wanaonunua ni watu wa ofisi. Sina la kuongeza.

Kijana_wa_Umoja:
Nafuatilia.

PichaZaAlfajiri:
Ndugu, kabla hujasikitika hebu soma hizo saa upya ukiwa umeshika kamera.

Nairobi iko karibu kabisa na ikweta. Jua linachomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, na mwaka mzima linasogea kwa kama nusu saa tu. Tena linashuka wima. Ule mwanga wa dhahabu ambao wenzetu wa Ulaya wanakaa nao jioni nzima, hapa ukiinama kufunga kamba za viatu umeukosa. Mtu wa ofisi anayetoka saa kumi na moja na kukwama kwenye msongamano wa Waiyaki Way hajawahi kuuona mwanga huo siku ya kazi. Anauona kupitia dirisha la matatu.

Kazi ya saa kumi jioni inakupa asubuhi. Saa kumi na mbili uko Kariobangi, vinyozi wanafungua, mtu anafagia mbele ya duka, bango liko wazi kabla gari halijaegeshwa mbele yake. Saa tatu umerudi nyumbani na kahawa. Mimi ningelipa kupata hizo saa.

Halafu kuna hili la rangi. Mabango mengi yamepakwa rangi ya mafuta, inang'aa, na jua kali likilipiga unapata doa jeupe katikati ya uso wa yule jamaa aliyenyolewa denge. Piga miezi ya mawingu, Juni hadi Agosti, wakati Nairobi nzima inalalamikia baridi. Mwanga unakuwa laini hadi saa nne. Mwaka uliobaki, weka kichujio cha polaraiza na uzungushe polepole huku ukitazama mng'ao ukipungua. Lenzi ya 50mm, simama ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na bango, la sivyo herufi zitainama.

Lenzi_na_Besi:
Hilo la asubuhi sikuwa nimeliona, asante sana. Na ni kweli mng'ao umenisumbua.

Lakini angalia upande wa pili. Picha zinataka asubuhi, muziki unataka usiku. Cheo hiki kinanipa moja na kuninyang'anya nyingine. Jumanne saa moja jioni wenzangu wako South B wanaunganisha nyaya, na mimi niko Zoom naeleza kwa nini tarehe ya kutoa toleo jipya imesogea.

KinandaKimoja:
Kuhusu saa za Wamarekani: kumbuka wao hubadili saa Machi na Novemba, sisi hatubadili. Sasa hivi saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu. Novemba itakuwa saa kumi na moja, na siku yako itaisha saa saba usiku. Ukikubaliana nao jambo lolote, andikeni kwa saa za Nairobi.

Ushukuru si San Francisco. Huko siku yao inaanza saa moja jioni yetu, saa mbili wakati wa baridi yao. Niliwahi kuishi hivyo. Nilikuwa nakutana na mke wangu mlangoni, yeye akienda kazini.

Siku hizi niko na kampuni ya Berlin, tofauti ni saa moja au mbili, na naandikia matangazo muziki nikiwa kejani. Kilichonisaidia ni kupanga kazi za muziki kwa kelele zake. Besi unaichomeka moja kwa moja kwenye kifaa cha sauti na kuvaa vipokea sauti, hata saa saba usiku jirani hajui. Vivyo hivyo kuhariri, kupanga ngoma kwenye programu, kusafisha sauti. Kuimba hapana, gitaa la akustika hapana. Kwenye ghorofa za Nairobi usiku kuna pampu ya maji, kuna mbwa, kuna jamaa wa juu anayevuta kiti. Uimbaji ni Jumamosi mchana, kabatini katikati ya nguo, na maikrofoni ya dainamiki isiyosikia kila kitu mtaani. Zile za kondensa nzuri zitakurekodia hata makanga akiita abiria wa Rongai.

Kwa hivyo wewe kama mpiga besi una bahati. Kazi yako kwenye EP unaweza kuimaliza baada ya mikutano. Tatizo lako ni mazoezi, na mazoezi ni suala la watu wanne kukubaliana. Zungumza nao kabla hujazungumza na bosi.

Mama_Seva:
Mimi nimekuwa kwenye bidhaa tangu enzi za iHub, kile kituo cha watu wa teknolojia pale Bishop Magua, Ngong Road. Mahali palifunguliwa 2010 na nusu ya watengeneza programu waliokuwa wakikaa pale walikuwa na gitaa nyumbani. Wachache bado wanalo.

Nikwambie kilichowapata, kwa sababu wengi hawakukosa muda. Sisi watu wa bidhaa tunalipwa kukata. Kitu kisicho na watumiaji tunakiua, na tukikiua vizuri tunapandishwa cheo. Sasa mtu huyo anarudi nyumbani Ijumaa anautazama mradi wake wa picha za mabango kwa macho yaleyale. Watumiaji: hakuna. Ukuaji: hakuna. EP ya benga ina wasikilizaji hamsini, na wengi ni binamu. Ukiipima kwa vipimo vya kazini itashindwa kila robo mwaka, na utaizika ukiwa na dhamiri safi kabisa, hata utahisi umekomaa.

Nimeona jamaa ameandalia albamu yake lahajedwali lenye malengo ya kila mwezi na rangi ya kijani, njano na nyekundu. Lahajedwali lilikuwa zuri sana. Albamu haikutoka.

Chukua cheo ukitaka. Lakini usiipeleke EP kwenye mkutano wa tathmini.

KinandaKimoja:
Dada, nakuunga mkono nusu. Orodha ndiyo iliyonimalizia kazi yangu ya kwanza. Tulikuwa na nyimbo tisa zisizoisha, tukazifanya nne, tukaandika kila wimbo umebakiza nini: sauti ya pili hapa, solo pale, miksi. Zikaisha. Huko ni kukata ukubwa wa kazi, na hilo meneja wa bidhaa analijua kuliko mwanamuziki yeyote.

Mama_Seva:
Sawa, ukubwa wa kazi kateni. Ninachokataa ni kuuliza inaleta nini. Na watu wetu wakianza kukata hawachelewi kufika kwenye swali hilo.

wakili_wa_jioni:
Nimesoma hadi "kifungu cha kawaida tu" nikaweka chai chini.

Mimi ni wakili, lakini hapa siko kazini, kwa hivyo mkataba wenyewe mpelekee wakili unayemlipa. Kwa jumla, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinampa mtunzi hakimiliki. Kazi ikifanywa katika utekelezaji wa ajira, inahesabiwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa hivyo nyaraka zako za bidhaa, michoro ya skrini, msimbo ukiandika, ni vya kampuni hata bila kifungu chochote. Mstari wa besi uliotunga South B Jumanne usiku haumo.

Kifungu ulichopewa kinafuta huo mpaka. "Kila kazi ya ubunifu nikiwa mwajiriwa" ni pamoja na EP, picha za mabango, hata shairi la harusi ya dada yako. Labda hawana nia hiyo, lakini nia haisomwi mahakamani kama karatasi ipo. Omba nyongeza ya mkataba yenye mambo mawili: kwanza, kifungu kihusu kazi za biashara ya kampuni pekee. Pili, kuwe na orodha ya miradi yako iliyokuwepo kabla ya kusaini, bendi kwa jina lake na mradi wa picha kwa jina lake. Kampuni nyingi hukubali bila vita, kwa sababu hawautaki muziki wako. Walinakili tu mkataba mahali.

Na usihariri picha wala kurekodi kwa kompyuta ya ofisi, hata kama ina nguvu kuliko yako. Siku ukiondoka inarudi na vyote vilivyomo.

Lenzi_na_Besi:
Ala. Picha zote za Dandora nimezihariri kwa kompyuta yangu binafsi, afadhali. Asante mkubwa.

PichaZaAlfajiri:
Wakili, malizia. Kifungu hichohicho cha 31 kina sehemu ambayo wapiga picha wengi hawaijui.

wakili_wa_jioni:
Ndiyo. Kazi iliyoagizwa. Mteja akikuagiza picha za harusi, za menyu au za jalada la albamu, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwake aliyeagiza, msipoandikiana vingine. Watu wanaona filamu za Marekani wanadhani aliyebonyeza ndiye mwenye mali siku zote.

PichaZaAlfajiri:
Ndiyo maana karatasi yangu ya makubaliano ina mstari mmoja juu kabisa: hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, mteja ana ruhusa ya kutumia hivi na hivi. Hakuna bwana harusi aliyewahi kuukataa. Makampuni hukataa, halafu ninaongeza bei.

ndege_ya_Kasarani:
Kuna mtu anauza Sony A7 III hapa? Mwili tu.

buda_wa_luthuli:
Ndege, fungua uzi wako.

mhasibu_mstaafu_kidogo:
Wasanii wote wenye mishahara mnisikilize dakika moja, baadaye mrudi kwenye benga.

Pesa ya kando haianzi chini kwenye ngazi za kodi. Inakaa juu ya mshahara wako. Ukishapita Sh32,333 kwa mwezi uko kwenye asilimia 30, hadi Sh500,000. Kwa hivyo kazi ya picha ya Sh40,000 mkononi ni kama Sh28,000, kabla hujatoa gharama zako halali, na ndiyo sababu risiti ya lenzi haitupwi. Kampuni ikikulipa ada ya Sh24,000 au zaidi ndani ya mwezi, itazuia asilimia 5 na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi, kwa PIN yako. Hiyo si kodi iliyokwisha. Ni malipo ya awali, unayadai kwenye iTax, mfumo wao wa mtandaoni, unapowasilisha hesabu kabla ya 30 Juni. Watu wanaiacha pesa yao huko kwa sababu wanajaza mapato ya mshahara pekee wakidhani P9, ile fomu ya kodi unayopewa na mwajiri, inatosha.

Mapato ya maudhui ya mtandaoni nayo yana zuio la asilimia 5 tangu Sheria ya Fedha ya 2023. Haya, endeleeni.

Kijana_wa_Umoja:
Mhasibu umeniharibia Jumapili.

Swali kwa wenye uzoefu: hivi muziki wenyewe unalipa chochote siku hizi? Nauliza kwa sababu mimi nina kazi ya usaidizi kwa wateja na natengeneza midundo.

KinandaKimoja:
Kidogo, na unapaswa kujua ulipo. Spotify ilifungua Kenya Februari 2021 na tukasherehekea. Tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi kumi na miwili haupati mrabaha wa rekodi hata senti. Boomplay na Mdundo wana hesabu zao. Milio ya simu ndiyo sheria imeigusa wazi: marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki yanasema msanii au mwenye haki asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na mtoa huduma wa kati 8.5.

Wewe wa midundo jambo lako kubwa ni jingine. Kabla mdundo haujatoka mkononi, andikianeni nani mtunzi na nani mwenye rekodi, kwa asilimia. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "tuko pamoja msee" si mkataba. Haki ya utunzi, haki ya rekodi na haki ya mwimbaji ni vitu vitatu, na hata vyama vya kukusanya mirabaha viligawanywa hivyo.

Mama_Seva:
Na kwa mleta uzi hili ndilo la kushukuru mshahara. Yeye anaweza kuupuuza huo mtihani wa mara 1,000. Bendi inaweza kupiga benga ya dakika saba bila kumwogopa mtu.

Lenzi_na_Besi:
Dakika saba ni ule wimbo mfupi.

mtu_wa_usanifu:
Nimekuja kuchelewa. Mimi ni msanifu majengo, sina besi. Katika mjadala huu nadhani kuna kitu mmekosea kidogo: mnazungumza utafikiri kazi na sanaa zinagombea saa tu. Angalieni wapiga picha wetu. Mutua Matheka alisomea usanifu majengo, na picha zake za Nairobi, zile za majengo ya katikati ya mji, unaziona zimepigwa na mtu anayejua jengo linavyosimama. Osborne Macharia naye alisomea usanifu majengo, na picha zake zimejengwa kabla hazijapigwa. Just a Band, walioanzia Chuo Kikuu cha Kenyatta, walikuwa wakifanya muziki, video na sanaa ya maonyesho kwa pamoja, na Jim Chuchu kutoka humo akaendelea na picha na filamu. Hawakugawa maisha kwa kuta.

Mleta uzi, wewe kazi yako ni kuuliza watu wanatumiaje kitu na kwa nini. Umewauliza mafundi wa mabango?

buda_wa_luthuli:
Hao uliowataja waliacha ofisi lakini.

mtu_wa_usanifu:
Wawili wa kwanza waliacha usanifu, ndiyo. Mafunzo hawakuyaacha.

Lenzi_na_Besi:
Nimewauliza, na hapa ndipo mradi uliponinasa. Kuna fundi mmoja upande wa Shauri Moyo, jina naliacha. Anapaka bati rangi nyeupe, linakauka siku nzima. Kisha anachukua uzi aliousugua chaki ya buluu, anaushika mwisho mmoja kwa dole gumba, mwingine kijana wake anauvuta, halafu anaupiga kwa kidole kimoja, tap, na mstari ulionyooka unabaki kwenye bati. Herufi anazianzia katikati ya neno kwenda pembeni, ili "KINYOZI" isije ikaishia na "ZI" zimebanana. Anatoza kwa herufi, na kivuli cha herufi ni pesa ya ziada. Aliniambia mteja mwenye pesa kidogo hupata jina fupi: "Executive Barber Shop" inageuka "Exe."

Nilimuuliza kama mashine za kuchapisha zimemuua. Akasema plastiki inapauka kwa jua na wateja wanarudi, ila wanarudi kuagiza plastiki nyingine.

Nina sauti yake kwenye simu. Nilirekodi kwa ajili ya kumbukumbu tu.

KinandaKimoja:
Ile "tap" ya uzi unayo?

Lenzi_na_Besi:
Ninayo, na kijana wake akicheka nyuma.

KinandaKimoja:
Hiyo iko kwenye EP au haiko?

Lenzi_na_Besi:
Nimeinuka kitini kidogo.

PichaZaAlfajiri:
Kabla hujaitumia mrudie umwombe ruhusa, ya sauti na ya picha, kwa maandishi mafupi ya Kiswahili na nakala abaki nayo. Siku hizi si adabu tu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya hapa Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa picha za watoto. Bango peke yake halina shida, sheria ya hakimiliki inaruhusu kupiga kazi ya sanaa iliyo mahali umma unaiona, lakini mtu aliyekaa chini ya bango ni habari nyingine, na mteja aliye kwenye kiti cha kinyozi ndiyo zaidi. Mtaje fundi pia. Anastahili.

Kijana_wa_Umoja:
Huu uzi umeanza na cheo, tumefika Shauri Moyo. Mleta uzi, umeamua nini?

Mama_Seva:
Na ujibu swali la watu, usilete ramani ya bidhaa.

Lenzi_na_Besi:
Nimerudi wadau. Samahani kwa kimya, ilikuwa wiki ya kutoa toleo.

Nilianza na bendi kama KinandaKimoja alivyosema. Nilidhani watachukia. Mpiga ngoma akasema Jumanne imekuwa ikimuumiza tangu mwaka jana, aliogopa tu kusema kwa sababu alidhani mimi ndiye niliyeitaka. Yeye hupiga kanisani Jumapili asubuhi, kwa hivyo tumehamia Jumapili alasiri, na anakuja akiwa amekwisha pasha mikono. Kuna Jumanne moja kwa mwezi tumeibakiza kwa ajili ya shoo za katikati ya wiki, na hiyo ndiyo niliyompelekea bosi. Nimemwambia nachukua cheo, ila Jumanne hiyo nafanya saa za Nairobi, na naibu wangu anaongoza mkutano wa jioni. Akauliza kama ni suala la familia. Nikamwambia ni bendi. Akakaa kidogo, kisha akaomba kiungo cha nyimbo.

Likizo nimeamua kutoilimbikiza tena. Sheria ya Ajira inampa mtu angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, na zangu zilikuwa zikiishia Desemba upcountry nikijibu barua pepe. Sehemu yake sasa ni ya kurekodi uimbaji, mchana, siku za kazi, mtaa ukiwa kimya.

EP ni nyimbo nne. Mbili tumeziweka kando, na moja ya hizo mbili ndiyo niliyokuwa naipenda kuliko zote, Mama_Seva usinipongeze. Picha hazina tarehe ya mwisho. Naenda asubuhi mbili kwa wiki hadi mabango yaishe au mimi niishe.

Kifungu kimebadilishwa. Sasa kinasema kazi "zinazohusu biashara ya kampuni ya sasa au itakayokuwapo baadaye". Naona iko sawa?

wakili_wa_jioni:
Haiko sawa. Kata "au itakayokuwapo baadaye". Kampuni ya malipo leo inaweza kununua jukwaa la muziki mwakani, na hapo benga yenu inakuwa biashara yao. Pia hujataja ile orodha ya miradi iliyokuwepo. Usisaini kabla haijabandikwa.

Lenzi_na_Besi:
Nimewaandikia sasa hivi. Orodha wanayo, ila iko kwenye barua pepe.

wakili_wa_jioni:
Barua pepe ni ushahidi wa mazungumzo. Iwe kiambatisho cha mkataba, na sahihi zote mbili chini yake.

buda_wa_luthuli:
Sasa kwa vile umeomoka na cheo, kuna amplifaya ya besi imeingia hapa, wati 100, mtumba kutoka Uingereza. Ina mtetemo kidogo ukipandisha sauti, nadhani ni grili, ule wavu wa mbele, si koni ya spika.

Lenzi_na_Besi:
Unanipa nijaribu na gitaa langu mwenyewe?

buda_wa_luthuli:
Njoo Jumamosi kabla ya saa nne, mtaa ukiwa na nafasi ya kupiga kelele. Na ubebe waya wako. Za hapa dukani zinakwaruza, halafu mtasema ni amplifaya.